Ndege Iliyoshuka Kwenye Shamba la Pamba

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: mwanamke, miaka 41, mtabiri wa hali ya hewa katika kikosi cha utafiti wa mawingu. Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya uwanja wa ndege.

Nasema kwa hiari yangu:

Kila asubuhi mimi ndiye ninayeamua ndege yetu ya utafiti iruke au ikae. Rubani ni mdogo wangu, tumbo moja. Huruka na fundi wa mitambo na mkuu wetu, tunayemwita Babu Wingu. Huingia ndani ya mawingu kupima jinsi matone yanavyokua hadi kuwa mvua.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, kikaoni, Babu Wingu alitaka waondoke asubuhi ile ile. Msimu ulikuwa unayoyoma, na wingu tulilolitaka, lile linaloanza kunyesha ukiwa ndani yake, lilikuwa bado linatupiga chenga. Nilimwambia asubuhi ataambulia ukungu mtupu, asubiri alasiri, upande wa vilima. Alinuna, lakini alisubiri. Niliwaonya pia kwamba dhoruba ingeweza kuufunga uwanja wetu jioni. Pa kukimbilia palikuwa kiwanja cha zamani cha ndege za kunyunyizia dawa, ndani ya shamba la pamba. Mwenye shamba alikubali kwa simu. Kumbe hakumwambia mlinzi wake.

Waliruka saa nane mchana. Saa kumi mdogo wangu alisema redioni kwamba wamo ndani ya lile wingu na mvua inaanza. Wenzangu walikumbatiana. Mimi sikuinuka, kwa sababu kwenye rada dhoruba ilikuwa imewahi kuliko nilivyotabiri, na tayari ilikuwa juu ya uwanja wetu.

Mdogo wangu akaniita. "Dada, nyumbani hapashukiki. Niende shambani?"

Njia ya shambani ilikuwa imebaki upenyo mmoja kati ya mawingu mawili ya radi, nao ulikuwa unajifunga.

"Nenda. Pita kushoto kwa lile kubwa, na usigeuke hata likikutisha."

"Sawa, dada."

Kisha redio ikanyamaza. Nilikaa nikiwaza nitamwambia nini mama.

Kabla ya magharibi simu ilipigwa kutoka kituo hiki cha polisi. Askari alisema wamekamata watu watatu na ndege yenye mirija mabawani, na mlinzi wa shamba anadai ni ya magendo. Niliuliza kama ni wazima. Akajibu, "Wazima sana. Yule mzee hata hataki kunyamaza." Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Nilipofika nilimkuta Babu Wingu pekupeku mahabusu, amevuliwa viatu na mkanda, anawaeleza mahabusu wengine jinsi matone yanavyogongana na kumezana. Mdogo wangu akasema, "Njia ilikuwa palepale uliposema." Mzee alipitisha mikono kwenye nondo, akanishika. "Mwanangu, tumelipata."

Tulikuwa tumelisaka misimu mitatu.

Ndege ile haikubeba magendo. Ilibeba vipimo vya wingu, ndiyo ile mirija mabawani, na mimi ndiye niliyeituma pale. Nimesema niliyoyajua na niliyoyatenda, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maoni ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni sahihi. Mwenye shamba amethibitisha kwa simu. Watatu wameachiwa huru. Mahabusu waliobaki waliomba mzee amalizie kwanza habari za matone. Nimeruhusu, nami nilisikiliza.