Kiyoyozi cha Wageni

4 Januari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo, ila joto limetushika pabaya. Kiyoyozi ulichonitumia, fundi amekifunga sebuleni. Akija mgeni nakiwasha, na wote wanakusifu. Akishaondoka nakizima, nafungua dirisha. Umeme si maji ya mvua. Miguu haijambo.

Mama yako

19 Januari

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, mjukuu wako anakusalimu. Mama, kile si cha wageni! Ni dawa. Daktari alikuambia mbele yangu: mwili ukipata joto, mishipa yako ya fahamu inagoma, macho yanaingia ukungu, miguu inakufa ganzi. Kweli penye miti hapana wajenzi. Washa, umeme nitalipa mimi.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimekukalia kimya kwa sababu nilianguka jikoni, mkono ukateguka. Mchana ule miguu ilikataa kabisa, nikalala sakafuni hadi jirani yangu mshonaji alipokuja kuazima mkasi. Ndiyo, kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Usinigombeze. Kila nikishika rimoti naona viatu vya mjukuu wangu vilivyochanika. Nimvue mtoto ili mimi nipate ubaridi?

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Nimelia, halafu nimekasirika. Viatu alishanunuliwa zamani.

Nimeongea na huyo jirani kwa simu. Kibanda chake cha bati kinamchoma, wateja wanamkimbia. Kuanzia Jumatatu analeta cherehani sebuleni kwako, umeme tutachangia. Utakuwa na wageni asubuhi hadi jioni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukimfukuza nitajua.

Binti yako

2 Mei

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, mgonjwa sasa ni nyumba. Nyuzi ziko hadi kwenye sukari, wateja wanapimwa viuno mbele ya picha ya marehemu baba yako, na umbea wao hauna kituo. Lakini macho yangu safi, na naenda hadi getini bila kushika ukuta.

Jana jirani alikwenda kununua vitambaa, hapakuja mtu. Nikabaki naitazama ile rimoti mpaka jasho likanilowesha. Mwishowe nikawasha, kwa ajili yangu peke yangu. Niliona haya, mwanangu, nikafunga pazia watu wasinione. Kisha nikalala, nikalala mpaka jua likazama.

Mama yako