Asante ya Ngoma Ambazo Hazijafika

Jumatano. Vumbi tangu asubuhi, mvua bado inajivuta, na mimi nina furaha isiyo na aibu hata kidogo.

Leo nimefanya ujanja. Nikipewa nafasi kesho, nitaurudia.

Shule yetu ya sekondari hapa Kapata ina saa moja tu ya muziki kwa wiki. Naifundisha mimi, kwa ngoma mbili za kuazima kanisani. Kamati ya wazazi ilikuwa imeshaamua kuifuta muhula ujao. Mwenyekiti wao, Tata Ilunga, hakunificha: watoto wasome hesabu, na kampuni ya mgodi ikija kuuliza shule inahitaji nini, jibu ni ukuta wa kutenga uwanja na barabara. Malori ya madini yanapita karibu kabisa na uwanja wetu. Hoja yake ni nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Binti yake, Béa, ndiye anayeongoza ngoma darasani kwangu. Tangu asikie kwamba saa ile inafutwa amenyamaza, na asubuhi nyingine haji shuleni kabisa. Nilikuwa naogopa kumpoteza. Hilo tu. Mengine yote ni maneno ya mikutano.

Leo wageni wa kampuni walikuja. Kwetu mgeni wa shule hapokewi kimya: watoto humwimbia, wakitaja jina lake na zawadi aliyoleta. Mkuu wa shule, ambaye kwake muziki ni kazi ya kupokea wageni basi, aliniagiza wimbo. Nikauandaa. Sikumwambia tu kwamba ndani yake tunashukuru kwa ngoma mpya, magitaa na mwalimu wa pili wa muziki.

Béa alianzisha. Alishukuru kimoja kimoja, wenzake wakaitikia, na akina mama waliokuja kutazama wakapiga vigelegele. Mkuu wa shule alinitazama kama mtu aliyetafuna pilipili bila kujua.

Kiongozi wa wageni akanisogelea.

"Mama, batoto banatushukuru juu ya bitu hatuyaleta bado."

"Tata, ku yetu asante inatangulia."

Akacheka. Kisha akageuka, akaona uwanja mzima unamsubiri, akatangaza mbele ya wote kwamba vyombo vitakuja, na mwalimu pia. Hapo mkuu wa shule akaharakisha kusema kwamba saa ya muziki haijawahi kuwa hatarini. Nilimwacha aseme.

Ukuta haukutajwa na mtu.

Wageni walipoondoka, Tata Ilunga alinifuata polepole, kofia mkononi. Nilikuwa nimeshapanga majibu makali, maana najijua. Alisimama, akatazama barabara kwanza.

"Mi nilitaka ukuta, mama. Lakini mutoto wangu aliniangalia wakati alikuwa anaimba. Ku nyumba haniangaliake."

Nilimshika mkono tu. Tukasimama hivyo hadi lori likapita na kutufunika vumbi sote wawili.

Nimeshinda, na ninafurahi sana. Lakini barabara ile bado iko pale, na kesho asubuhi Béa atakuwa uwanjani, kando yake kabisa. Ijumaa kamati inakutana. Nitakaa upande wa Tata Ilunga, na nitaomba ukuta kabla yeye hajafungua mdomo.