Mashine Iliwaka, Tovuti Haikufunguka

Mjukuu wangu Zuhura,

Sie huku Sinza tupo, ila miguu ya bibi yako bado inamsumbua. Unauliza kwa nini nang'ang'ania uipange seva, ile programu inayowafungulia watu tovuti, ijiwashe yenyewe kila kompyuta yako ya Linux inapowaka.

Miaka ya tisini, kila baada ya mgao wa umeme, rafiki yangu Hamisi ndiye aliyekuwa akiiwasha seva ya ofisi yetu kwa mkono, kwa kuiandikia amri. Akafariki ghafla. Tulipotoka kuzika, umeme ulirudi na mashine ikawaka, lakini tovuti haikufunguka. Amri aliyokuwa akiiandika hakuna mwingine aliyeijua. Tulihangaika mpaka tukakata tamaa.

Mama yake Hamisi alikuja ofisini kuchukua vitu vya mwanawe, akaiona ile mashine.

"Si imewaka hii?"

"Imewaka, mama," nikamjibu. "Inamsubiri Hamisi."

Akakaa mbele ya mashine, akalia.

Babu yako