Wino Mweusi wa Mzee Anyelwisye

Sumbawanga,
Julai 4.

Kaka yangu mpendwa Andwele,

Shikamoo kaka. Ninatumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, wewe pamoja na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu ni kali, upepo unavuma toka asubuhi hadi jioni, lakini ulezi umekubali sana na Mama anashinda uani akipepeta. Anakusalimu mno. Kila nikishika simu ananiuliza kama ni wewe.

Najua utashangaa kupata barua wakati ungeweza kupata ujumbe wa simu. Kaka, kuna mambo hayafai kuandikwa kwa kidole gumba! Hili nataka ulisome ukiwa umekaa, taratibu, tangu mwanzo. Naandika haraka haraka kwa furaha, kwa hiyo ukiona mstari umepinda unisamehe.

Mambo yalianza mwezi uliopita. Baba alitoa kabatini ile kalamu yake ya kujaza wino, nyeusi yenye mkanda wa dhahabu, aliyokuwa akiitumia alipokuwa karani wa mahakama. Unaikumbuka, tulikatazwa hata kuisogelea. Tangu astaafu hakuwahi kuigusa. Siku hiyo akaifungua, akaiosha kwa maji ya vuguvugu, akaifuta kwa kipande cha shuka, kisha akaniambia nivae viatu, twende mjini tukatafute wino mweusi. Nikamwuliza wa kazi gani. Akasema wa kuandikia. Basi. Unamjua mwenyewe.

Tulianzia kwa Sebastiani, yule mwenye duka la vifaa vya shule. Sebastiani akacheka, akasema Mzee, siku hizi watu wanaandika kwa peni za kawaida, chukua hizi hapa dazeni nzima nikupunguzie. Baba hakucheka. Alisimama pale kaunta mpaka Sebastiani akapanda ngazi na kushusha kichupa chenye vumbi. Tukarudi nyumbani mbio mbio, Baba akaandika mistari miwili, akangoja ikauke, akachovya kidole kwenye kikombe na kudondosha tone la maji juu yake. Kaka, ule weusi ukatawanyika ukawa zambarau kama maji ya kanga mpya! Baba akatikisa kichwa, akasema huu si mweusi, ni bluu iliyovaa koti.

Chupa ya pili tulipewa na fundi mmoja anayeandika mabango. Ule ulikuwa mweusi kweli, kama masizi ya sufuria, wala maji hayakuugusa. Lakini kumbe una gundi. Kesho yake kalamu iligoma kabisa. Baba akaifungua vipande vipande juu ya meza ya kulia, akailoweka, akaipuliza, akailoweka tena. Hakula mchana. Nilipomwambia labda imekufa, alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayeomba. Nikamletea maji mengine ya kuiloweka. Jioni ncha ilipotoa tena mstari, alivuta pumzi ndefu, akaenda kukaa peke yake barazani.

Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba hili si jambo la wino tu. Mimi nami likaniingia damuni. Nikaanza kuuliza kila mahali, kwa walimu, kwa masista, kwa wauza magazeti. Nikamkumbuka Maganga, yule anayechukua dagaa Kasanga na kupakia mizigo kwenye boti za Zambia. Nikampigia, nikamwomba atuulizie huko Zambia, bandarini Mpulungu. Akadhani namtania. Nikamwambia, Maganga, ndugu yangu, nakusihi, mweusi, wa kalamu ya kujaza, usio na gundi, usiotoka kwa maji. Akasema Getruda, mimi nimezoea kuagizwa vitenge, lakini nitajaribu.

Alirudi na chupa ya mraba imefungwa kwenye soksi isivunjike. Ungemwona Baba! Alijaza kalamu polepole kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Akaandika kwenye karatasi ya daftari, herufi zikaota ndevu. Akasema karatasi ndiyo mbaya, si wino. Akachukua karatasi nzito, akaandika tena. Kaka, mstari ulitoka umelowa, unang'aa, kisha ukatulia ukawa mweusi tii. Akaudondoshea maji. Tukainama wote wawili, vichwa vikagongana. Maji yakawa na kivuli kidogo tu cha kijivu, lakini maneno yalibaki pale pale! Nilipiga kigelegele mpaka jirani Cornelia akachungulia juu ya ua kuuliza nani kazaa.

Bado Baba hakuridhika. Akasema lazima tujue jua litaufanyaje. Akaitandaza ile karatasi uani juu ya turubai la ulezi wa Mama, akaikandamiza kwa mawe, na ikakaa hapo siku kadhaa. Mama akamwuliza, maisha yako yote umeandika, leo ndiyo unajaribu wino? Baba akajibu kwamba zamani wino ulikuwa wa serikali, huu ni wake mwenyewe.

Sasa kaka, kaa vizuri.

Jana mchana Baba aliichukua ile karatasi, akaielekeza kwenye mwanga, akaniita niione. Haikupauka hata kidogo. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kusimama mbele ya Mama aliyekuwa ameketi na ungo wake. Akavua kofia. Nami nilikuwa naosha vyombo pale bombani, kwa hiyo nilisikia yote kwa masikio yangu.

Akamwambia, "Luciana, nimekwenda kwa Padri."

Mama akaacha kupepeta. Akamwuliza kama ana ugonjwa anaomficha.

Baba akasema hapana. Akasema amekwenda mara kadhaa, wala hakumwambia mtu. Kwamba miaka yote alidhani Kanisa Katoliki la Mama, ili liwafungishe ndoa, litamlazimisha aache Umoravian wake, na alikuwa amemwahidi marehemu babu kule Rungwe kwamba hatauacha. Kumbe hakuwahi kuuliza. Alikataa tu. Padri amemweleza kwamba atabaki Mmoravian, Askofu atatoa kibali, na ndoa itafungwa kanisani mbele ya watu. Kisha akasema kwamba alipokuwa mahakamani aliona wajane wakileta vyeti vya ndoa ambavyo sahihi zake zimefutika, mtu anabaki akiapa kwamba aliolewa na hakuna wa kumwamini. Hataki jina lake pembeni ya jina la Mama lije lififie. "Nimekuchelewesha sana," akasema. "Angalau cheti chetu kisifutike."

Andwele, nilishika sufuria nikasahau kulisugua. Mama akaweka ungo chini, akasema, "Anyelwisye, mimi nimeshazeeka." Baba akajibu, "Na mimi sikubaki kijana." Mama akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Baba akabaki pale na kofia mkononi, akinitazama mimi kana kwamba mimi ndiye ninayejua majibu. Nilidhani Mama amekasirika, na kusema kweli angekuwa na haki.

Mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa amevaa kile kitenge chake cha Jumapili, kilemba kichwani na rozari mkononi, na makapi ya ulezi bado yamemganda kwenye nyusi. Akasema, "Twende kwa Padri sasa hivi, kabla hujabadili mawazo!"

Wakaenda kaka! Wakaenda kwa miguu, wameshikana mikono katikati ya mji, na mimi nyuma yao nikilia na kucheka kama mwendawazimu. Ndoa itakuwa mwezi ujao, Jumamosi ya mwisho, na matangazo yataanza kusomwa kanisani Jumapili hii. Jumapili ile baada ya ndoa Mama atapokea Komunyo, aliyozuiwa miaka yote kwa kuishi bila ndoa ya kanisani.

Najua umeshika nini moyoni unaposoma hapa. Nami nakumbuka msiba wa Bibi kule Ilemba, ndugu zake Mama wote walipokwenda kukomunika naye akabaki peke yake kwenye benchi, amejifunika uso kwa kanga. Nakumbuka ulivyomwambia Baba mbele ya wajomba baada ya mazishi kwamba ukaidi wake ndio uliomfunga Mama kwenye lile benchi, na nakumbuka alivyokufukuza. Tangu siku ile hamjasemezana, na sisi wawili, mimi na Mama, tumekuwa tukipita katikati yenu kama watu wanaobeba maji kwa mikono.

Basi sikiliza. Tulipokuwa ofisini kwa Padri, katekista Polikarp aliuliza majina ya mashahidi. Mama akamtaja dada yake. Polikarp akamgeukia Baba. Baba akasema shahidi wake ni mwanawe Andwele, kwa sababu Andwele ndiye aliyesema kweli wakati yeye hakutaka kuisikia. Hayo ni maneno yake, sikuongeza chumvi. Polikarp akauliza kama umekubali. Baba akasema bado hujaulizwa, na kwamba yeye hajui kama anastahili kukuuliza. Mama naye akamkata kauli hapo hapo, akasema hatatia sahihi popote kama watoto wake wote wawili hawapo mbele yake.

Kwa hiyo ndiyo mambo yalivyo. Asubuhi hii Baba ameanza kukuandikia barua, ameichana, ameanza nyingine, ameichana. Mwisho amenisogezea kalamu yake, kaka, ile tuliyokatazwa, akasema andika wewe. Ndiyo ninayoandikia sasa. Inateleza kama samli!

Msalimie shemeji, wabusu watoto, waambie shangazi yao amewawekea ulezi wa uji. Mama anakusalimu, Cornelia anakusalimu, na Maganga anauliza kama huko Dodoma mnahitaji dagaa. Mungu awalinde nyote hadi tutakapoonana uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Getruda.

Subiri kidogo kaka, nisifunge bahasha. Baba ameingia, amesoma yote akiwa amesimama, na sasa anaitaka kalamu.

Andwele mwanangu. Ulisema kweli. Njoo usimame na mimi.
Baba yako.