Ubeti wa Tatu wa Nisubiri Stesheni

Mayfair, Johannesburg
2019

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeiandika kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote, uione hata kabla hujatafuta miwani. Nimesikia uvimbe wa miguu umepungua na kwamba umeanza tena kugombana na Mama juu ya chumvi, basi nikajua unaendelea vizuri. Mimi, mama Rehema na watoto tu wazima. Kifua kilinishika wakati wa baridi, kikachoka kikaniacha. Kazi ipo, si ya kujivunia, lakini ipo.

Utashangaa mtu kuandika barua zama hizi. Ni hivi: mwezi jana nilipopiga simu, Dada Mwanahamisi alikuwekea sikioni, nikaongea weee, nawe ukajibu, "Nimekula, mwanangu, nimekula." Mimi sikuuliza habari ya chakula, Baba. Nilikata simu nikaenda kununua bahasha. Masikio yamekwenda, lakini macho unayo, na hili ninalotaka kukwambia sitaki upigiwe kelele mpaka jirani alijue kabla yako. Lisome mwenyewe, taratibu, na ukikasirika katikati usiliweke chini.

Ni habari ya wimbo wako.

Umeshakasirika, nakujua. Nyumbani kwetu redio ilizimwa kila kilipoanza kipindi cha nyimbo za zamani, na sisi watoto tulijua kwamba hapo hakuna maswali. Yote ninayoyajua nimeyapata kwa Ami Salehe, mpiga ngoma wenu. Aliniambia kwamba mwishoni mwa miaka ya sitini bendi yenu ilikuwa na wimbo ulioutunga na kuuimba wewe, Nisubiri Stesheni, na kwamba siku hizo redio ilipanga nyimbo kwa kuhesabu kadi za wasikilizaji. Wimbo wako ukafika namba mbili. Ukakaa hapo, wiki baada ya wiki, chini ya wimbo wa bendi moja ya Dar es Salaam. Wale wenzenu walinunua kadi kwa mabunda, wakajaza majina ya watoto wachanga, wakajaza na ya marehemu. Salehe na wenzake wakakusihi nanyi mfanye hivyo hivyo, ukagoma. Ulisema anayeupenda wimbo atatuma kadi yake mwenyewe, na asiyetuma basi hakuupenda.

Kadi hazikutosha. Wimbo wa namba moja ndio uliopelekwa Nairobi kutolewa santuri. Wako ulibaki kwenye utepe ambao leo hakuna anayejua ulipo. Ukarudisha gitaa la bendi, ukaenda kuwa karani wa mizigo pale pale stesheni, na hukuimba tena, hata siku ya harusi yangu ulipobembelezwa na ukumbi mzima.

Sasa soma vizuri. Duka la vitambaa ninakouza limepakana na chumba cha fundi cherehani, Mkongo, mtu wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tunamwita Papa Kasongo. Kwa miaka kadhaa tumetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Mimi nampelekea vitambaa, yeye ananipunguzia suruali, na wote wawili tunalalamikia mpira. Mke wake, Mama Feza, alikuwa akimletea chakula cha mchana, sahani imefungwa kwa kitambaa safi. Nikimwamkia, alinijibu, "Jambo, mwanangu," akapita. Alifariki mwezi wa saba kwa sukari. Tulikwenda kumzika, Waislamu kwa Wakristo, na Wasomali wenye maduka walifunga mapema siku hiyo.

Cherehani za Papa Kasongo ni za umeme na huwa zinanguruma kutwa, huwezi kusikia kitu. Mchana mmoja, wiki chache baada ya maziko, umeme ukakatika. Mtaa ukatulia. Nikasikia mtu anaimba peke yake upande wa pili wa ubao:

Nisubiri stesheni, mpenzi, honi ikilia usipande,
nimetoka shamba mbio, viatu nimeshika mkononi.

Nilisimama na mkasi wangu hewani. Maneno sikuwahi kuyasikia, lakini mahadhi niliyajua. Ndiyo yale Mama aliyokuwa akiyavumisha jikoni wewe ukiwa kazini. Usimwulize, atakana.

Nikaingia kwake. "Papa Kasongo, huo wimbo umeutoa wapi?"

"Ile? Ile ni ya zamani, haiko ya rika yako. Ilikuwa inatoka ku redio ya kwenu, kila siku ya posho mangaribi." Siku ya posho kwao ni Jumamosi. "Kalemie yote tulikuwa tunaiimba. Hata siku ya ndoa yangu na Feza, banamuziki balipiga ile."

"Aliyeuimba ni baba yangu."

"Eish, Hamisi, acha uongo."

"Wallahi, Papa. Baba yangu mzazi."

Akaniangalia. Halafu akalitamka jina lako lote, Athumani Mbwana wa Tanga, kwa kulivuta, jinsi mtangazaji alivyokuwa akilivuta. Mimi sikuwa nimemtajia jina hilo. Akavua tepu ya kupimia shingoni, akaiweka mezani, akasimama na kunishika mkono kwa mikono yake miwili, kana kwamba wewe ndiye umeingia.

"Papa yako eko muzima?"

"Mzima. Ila hasikii tena."

Basi akakaa akalia, Baba. Mzee mzima, mbele ya mteja aliyekuwa anangoja zipu.

Alipotulia nikamsimulia habari ya namba mbili. Hapo sasa akawaka. "Namba mbili? Nani alihesabu?"

"Walihesabu kadi, Papa."

"Kadi tungetoa wapi? Kadi ilikuwa inauzwa kwenu, na timbre ya kwenu. Sisi ng'ambo tulikuwa na masikio tu!"

Timbre kwao ni stempu. Nakuomba usome tena hapo. Walikuwa na masikio tu. Anasema kwao, jioni hiyo ya Jumamosi, mwenye redio alikuwa akiitoa nje na watu wanakaa chini kuizunguka, na wimbo wako ukianza wavuvi wa dagaa walikuwa wanachelewa makusudi kuingia ziwani. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuingia kwenye hesabu ya redio. Wewe ulisema asiyetuma kadi hakuupenda wimbo. Sikulaumu, ungejuaje? Lakini roho inaniuma, Baba, inaniuma sana, nikifikiri ulivyokaa miaka yote hiyo ukipima mizigo ya watu pale stesheni, ukiamini kwamba wimbo wako haukutakiwa, na ng'ambo kuna watu wameoana kwa wimbo huo, wamezaa, wamezeeka, wameanza kuzikana. Naumia pia kwa Mama Feza. Nilimwamkia siku zote hizo mtu aliyekuwa na wimbo wetu kichwani, na sikumjua.

Sasa ndipo penye haja ya barua hii. Redioni wimbo wako haukuwahi kumalizika. Kila mara mtangazaji alikuwa anaukata baada ya ubeti wa pili kupisha taarifa ya habari. Papa Kasongo na mkewe walibishana maisha yao yote juu ya ubeti wa tatu.

"Mimi nasema yule mwanamuke alimusubiri," alinieleza. "Feza anasema hapana, alipanda treni. Anasema mwanamuke wa akili hawezi kusubiri mwanaume mwenye kukimbia na viatu mu mkono. Tulibishana mpaka ku hospitali, Hamisi. Hata ile siku ya mwisho, nilimwambia, 'Feza, alisubiri.' Akatikisa kichwa, akacheka kidogo."

Mwisho wa mwezi ujao wanamaliza matanga, maana kwao huchukua miezi. Watoto wake wanakuja kutoka Kalemie na Lubumbashi. Anataka siku hiyo wimbo uimbwe wote, hadi mwisho, mara moja tu. Nilimpigia simu Ami Salehe. Anasema yeye alikuwa nyuma na ngoma zake, anakumbuka mapigo, maneno hakuwa anayasikiliza. Wengine wa bendi ulishawazika. Mama nilipomuuliza alisema anaujua ubeti huo neno kwa neno, ila mwenyewe yu hai, na si wake kuutoa. Kwa hiyo umebaki wewe, Baba. Usipouandika, umekwisha.

Barua hii anakuletea Zuhura, yule mfanyabiashara wa vitenge kutoka Ngamiani. Atakaa Tanga juma moja, na kabla ya kupanda basi kurudi huku atapita tena mlangoni kwako. Usimrudishe mikono mitupu. Karatasi nimeweka na kalamu nimeweka, usije ukasingizia kalamu.

Rehema ameurekodi wimbo kwenye simu, Papa Kasongo akiimba. Mjukuu wako huyo nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kizulu, lakini beti mbili zako amezikamata siku moja, na sasa anazunguka nyumba nzima akiimba "usipande, usipande". Ungemsikia! Nimeliandika neno hilo kisha nikakumbuka, nikaona nisilifute.

Papa Kasongo ana ombi moja juu ya ombi lake. Nilimwambia kwa utani kwamba nitakuomba uandike mwanamke alisubiri, ili yeye ashinde. Hakucheka. "Hapana. Asibadilishe ju yangu. Kama alipanda, aandike alipanda. Feza alishindwa na mambo mengi ku hii dunia. Kama ni haki yake, ashinde hii."

Na mimi nina langu. Nimekula chakula chako, nimevaa jina lako, nimelala chumba kilichopakana na chako mpaka nikawa mtu mzima, na sijui kama yule mwanamke alisubiri. Inanifedhehesha kwamba nimekuja kulitamani jibu hilo huku ugenini, kwa kuulizwa na mtu baki.

Nisalimie Mama, na mwambie chumvi aifiche juu zaidi. Msalimie Dada Mwanahamisi anayekuuguza. Najua si kazi nyepesi kuuguza mtu mwenye amri kama wewe. Ami Salehe mpe pole ya mgongo. Na yule jirani yetu muuza kahawa, mwambie bado sijapata kahawa ya maana mji huu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini ndani ya bahasha kuna kitu kingine, usikitupe ukidhani ni takataka. Papa Kasongo aliniuliza zile kadi zilikuwaje. Nikamwambia nilivyosikia: unaandika jina lako na unakotoka, wimbo unaouchagua, na watu unaowasalimia. Akachukua boksi la nyuzi, akakata kipande kwa mkasi wake mkubwa, akajaza kwa mkono wake:

Mimi Kasongo, fundi wa nguo, wa Kalemie. Nachagua Nisubiri Stesheni. Nasalimia bibi yangu Feza, popote eko.

Stempu hakubandika. Imechelewa, Baba, na wenye kuhesabu walishafunga hesabu zao zamani. Lakini ulisema anayeupenda atatuma kadi yake mwenyewe, na huyu ametuma.

Ihesabu.

Mwanao anayekungoja,
Hamisi