Mjomba Alipofika kwenye Jina Lako

Misheni, Morogoro
Juni 1911

Kwa dada yangu mpendwa Cecilia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mkuyuni, wewe na shemeji Ahmadi, na Mwaisha wenu ambaye nasikia ameota meno mapya na maneno mengi. Mimi sijambo, ila uji wa hapa shuleni bado ni adhabu.

Habari kubwa ni mikutano ya padre anayetufundisha historia. Kila Jumamosi hualika mgeni kutoka milimani aje kutueleza sisi tunaosomea ualimu jinsi ukoo wake ulivyofika Uluguru. Mchana tunarudia kwa zamu tuliyoyasikia, na mgeni anatusahihisha. Jumamosi iliyopita mgeni alikuwa mjomba Severini. Najua umeshtuka. Tangu uolewe na Mwislamu naye akaapa kutolitaja tena jina lako, hata mimi sijathubutu kulitamka mbele yake.

Alishuka kutoka Kinole amevaa kanzu yake ya Pasaka. Padre alimwomba aanze na majina ya kina baba. Mjomba akamtazama kwa huruma, akasema baba huzaa, lakini kwetu ukoo ni wa mama, kwa hiyo ataanza na bibi aliyeupanda mlima na mbegu za mtama nguoni. Basi akaenda mama kwa binti, mama kwa binti, mpaka akafika kwa marehemu mama yetu, Yuliana. Hapo akakohoa, akaomba maji, na padre akadhani yamekwisha. Moyo uliniuma, dada. Mtu mzima alikuwa ameufunga ukoo wake mwenyewe kwa hasira.

Mchana zamu ikaniangukia mimi. Nikarudia yote, nikaishia kwa mama kwa kumwogopa mjomba. Mjomba akaniuliza kama hayo ndiyo ninayofundishwa hapa, kuacha watu njiani. Akasimama mwenyewe akasema Yuliana alimzaa Cecilia, na Cecilia amemzaa Mwaisha, na huyo Mwaisha ndiye ukoo. Kisha akaketi akijifuta uso kwa ncha ya kanzu, akisingizia joto. Joto gani mwezi huu wa Juni?

Jina la mtoto sikumwambia mimi. Nilipomsindikiza hadi mtoni ndipo akaungama. Kumbe kila siku ya gulio huenda Mkuyuni, akavizia uondoke kwenye kibanda chenu cha viungo, kisha hununua kwa shemeji iliki asiyoihitaji, ili tu amwone mtoto. Mwaisha humwamkia na kumwita babu, wala hajui kuwa ni babu yake kweli. Mjomba anasema mtoto ana pua ya mama yetu. Nyumba yake sasa imejaa iliki hata panya wamehama.

Shamba la mama hajampa mtu. Miaka yote hii amelipalilia mwenyewe, na mgongo wake ule, ili usilikute pori. Anataka uje ulichukue, na shemeji aje naye. Halafu mjomba yule yule tuliyekuwa tukimkimbia utotoni akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama nadhani utaitikia akikusalimu.

Msalimie sana shemeji, na Mwaisha mbebe kwa niaba yangu kama bado anabebeka.

Mjomba Severini anakusalimu. Nimekwisha kumwambia kwamba utaitikia. Usiniaibishe, dada.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Andrea