Lenzi ya Themanini na Sabuni ya Unga

Mdogo wangu Gwamaka,

Habari za Iyunga? Baridi inawatesa au mmeshaizoea? Kifua cha Baba kinaendeleaje, na macho je? Mimi huku Hamburg ni mzima wa mwili. Wa moyo usiniulize. Tangu juzi niliposoma ujumbe wako nina hasira nawe, na kwenye simu ningekutukana bure. Ndiyo maana naandika.

Unajua kazi yangu ni kupiga deki wodi za hospitali. Siku yangu ya mapumziko sikupumzika. Nilipanda treni mpaka kwa mzee mmoja anayeuza vifaa vya picha vilivyotumika, nimtafutie Baba lenzi ya ile mashine yake ya kukuzia picha, maana ya zamani imeota kuvu hadi ndani. Nikaona moja inang'aa, imeandikwa hamsini. Nikampigia Baba kwa furaha. Akaguna.

"Mwanangu, hamsini ni ya mikanda midogo. Negativu zangu mimi ni zile kubwa za mraba, pembe zote zitaingia giza. Niangalizie ya themanini. Halafu uimulike, ukiona utando ndani, iache hapohapo."

Nikazimulika za themanini dirishani moja baada ya nyingine, mwenye duka ananikodolea macho kama mwizi, mpaka nikapata safi, na uzi wake wa kufungia unaingia kwenye mashine ya Baba. Nikaituma siku ileile. Kisha nikakupigia wewe: "Lenzi inakuja. Zitoe zile negativu za Iringa kwenye kopo la biskuti, zisafishwe. Ya Mama kwanza."

Zisafishwe, Gwamaka! Sawa, umepata akili studio ya Baba imeshafungwa. Lakini kile kibao mmeezekea banda la kuku mpaka leo: TUNASAFISHA PICHA. Ulidhani watu walikuwa wanamletea Baba picha zenye matope? Walileta negativu, wakaondoka na picha za karatasi.

Nikasubiri. Ukaniandikia: "Dada, macho ya Baba hayafai, nimezisafisha mwenyewe. Maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Weusi wote umetoka, zimetakata kama kioo."

Ule weusi, mdogo wangu, ndiye alikuwa Mama.

Picha zake zote zililiwa na mchwa. Ilibaki negativu hiyo moja, Baba alimpiga Iringa wiki waliyofunga ndoa, kabla hajamleta Mbeya. Mara ngapi nimemwomba tuipige kwa simu tu! Akakataa, akasema mke wake atamsafisha mwenyewe akipata lenzi. Na wewe Mama alikuacha unanyonya. Uso wake ulikuwa hujauona, na sasa hutauona. Nikifika hapo hasira inaisha, naingia stoo ya mafagio nalia.

Msalimie wifi yangu, na mwambie simlaumu kwa sabuni yake. Msalimie na shangazi anayempikia Baba uji. Watoto wabusu.

Baba bado ananiuliza lenzi imefika wapi. Ikifika, mpe mkononi, aishike kwanza, aimulike anavyotaka. Halafu umwambie wewe mwenyewe, usimtume mkeo. Na usimwambie umezisafisha, hilo neno ni la kazi yake. Mwambie umezifua.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kwa leo,
Tusekile